Sindano ya Mwenye Nyumba

Nilitoka Songea nikiwa na sanduku la bati, cheti cha kidato cha nne na barua yenye mihuri miwili iliyosema niripoti Tarime. Nilimwuliza karani aliyenikabidhi barua Tarime iko wapi. Aliweka kidole kwenye ramani ya ukutani, akakipandisha, akazidi kukipandisha, mpaka nchi ikamwishia. "Hapo," akasema. "Ukiteleza kidogo tu uko Kenya."

Safari ilinichukua siku kumi na moja. Basi hadi Dar es Salaam, garimoshi hadi Mwanza, na Mwanza nikangoja meli ya Musoma siku tatu kwa sababu ilikuwa mbovu na fundi wake alikuwa amekwenda msibani. Kutoka Musoma nilipanda lori la unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Pale Kirumi daraja lilikuwa bado halijajengwa, tukavuka Mto Mara kwa pantoni. Ng'ombe walipandishwa kwanza, kisha lori, kisha sisi abiria, na hakuna aliyeuona mpangilio huo kuwa wa ajabu ila mimi. Mzee mmoja mwenye fimbo alinitazama nilivyokuwa nikijibanza nisichafuke suruali, akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia.

"Huko kuna ng'ombe?"

Nikasema wako wachache. Akanionea huruma waziwazi.

Sasa nimeshavuka arobaini. Nimefanya kazi katika mikoa saba na kuhama nyumba nisizozikumbuka idadi, maana miguu yangu haijapata kutulia. Lakini nikiulizwa ni wapi nilifanya kazi ya maana, jibu langu halina haja ya kufikiriwa.

Tarime mjini walinipa baiskeli, kasha la barafu na mafunzo ya wiki mbili, kisha wakaniteremsha kwenye zahanati ya kijiji kimoja upande wa Nyakunguru. Kwenye karatasi nilikuwa mhudumu wa afya. Kazi yangu hasa ilikuwa jokofu. Lilikuwa la mafuta ya taa, na lilikuwa na tabia kama za binadamu. Utambi ukikatwa vibaya moto unatoa moshi. Moshi ukizidi, baridi inapotea, na baridi ikipotea chanjo imekufa. Baridi ikizidi nayo ni hasara, kwa sababu chanjo ya pepopunda ikiganda haifai tena. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nilipiga magoti sakafuni kuutazama moto. Nikiukuta wa buluu nilijiona mtu mkubwa.

Mkuu wangu alikuwa muuguzi mkunga, mama wa makamo kutoka Ukerewe ambaye kijiji kizima kilimwita Sista. Mimi waliniita daktari. Nilikataa, wakaendelea, nikachoka kukataa.

"Mwache," Sista aliwaambia. "Ni daktari wa utambi."

Sista alikuwa na adui mmoja tu maishani, na adui huyo alikuwa siku ya saba. Mtoto anazaliwa mzima. Analia, ananyonya, anapewa jina. Siku ya sita au ya saba mdomo unakaza, hawezi kushika titi, mgongo unajikunja kama upinde, na baada ya hapo ni kuchimba shimo dogo. Wengine waliita degedege. Wengine walisema mtoto ameitwa na waliomtangulia. Sista alisema ni pepopunda iliyoingia kwa njia ya kitovu, na kwamba mama akichomwa sindano mbili wakati wa mimba, mwezi mmoja kati ya ya kwanza na ya pili, mtoto atazaliwa na kinga yake.

Shida ni kwamba hatukujua nani ana mimba. Kule mwanamke hatangazi. Anaivalia shuka mpaka isifichike tena, kwa sababu jambo likitajwa mapema huweza kusikiwa na mwenye jicho baya. Aliyejua mimba zote ni mtu mmoja, mkunga wao wa jadi, naye alikuwa ameshapitisha hukumu kwamba sindano ya serikali inafunga uzazi.

Alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye ndewe za masikio zilizovutwa mpaka karibu na mabega. Nusu ya kijiji ilikuwa imepita mikononi mwake. Mwenyekiti akimnyamazisha mkutanoni alijibiwa hivi: "Kaa chini. Nilikushika miguu kichwa kikiwa chini, na ulikuwa huna nguo." Mwenyekiti alikaa.

Sista alimwendea mara tatu. Mara mbili za kwanza alirudi na jibu lilelile. Mara ya tatu nilifuatana naye, na hakusema neno juu ya sindano. Alisalimia shikamoo, akaketi, akachukua ungo wa pili akaanza kupeta ulezi. Walipeta muda mrefu, mimi nikiwa nimesimama na baiskeli.

"Wewe," hatimaye bibi alimwuliza, "umezika wangapi wa siku saba?"

"Kazini sikumbuki idadi," Sista akasema. "Nyumbani kwangu mmoja. Yeye alifika siku ya nane."

Bibi aliacha kupeta. Akaniangalia mimi, kana kwamba ndiyo kwanza anione. "Mura," akaniita, yaani kijana, "kaa chini. Utachoka." Kisha akamwambia Sista, "Tangaza siku yako. Nitawaleta."

Siku ilitangazwa na mwenyekiti, na hapo ndipo kosa lilipoingia, ingawa tulilijua baadaye. Enzi hizo kila kitu kilichotoka serikalini kilikuja kwa kaya. Sukari kwa kaya, sabuni kwa kaya, unga wa yanga kwa kaya, na mwenye kaya ndiye aliyekwenda kupanga foleni na kupokea kwa niaba ya walio nyuma yake. Mwenyekiti alitumia maneno aliyoyazoea. Alipita akisema kila kaya yenye mimba ifike ghalani kupata sindano mbili.

Wanawake walifika, wakasimama mbali. Sista alichemsha sindano, akapanga pamba, akangoja. Hakuna aliyesogea. Ndipo bibi alipojitokeza, akashusha shuka begani na kutoa mkono wake uliokuwa kama ukuni mkavu.

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Nianze mimi."

Sista alitaka kulia kwa furaha. Alidhani mzee anajitoa ili wengine waone kwamba sindano haiui. "Mwandikie na kadi," akaninong'oneza. "Waone kadi nayo haina ubaya." Nikaandika. Nikauliza jina la mama, akanitajia jina. Nikauliza jina la mume, akanitajia jingine. Mimi Mngoni wa Songea ningejuaje majina ya Kikurya, lipi la mwanamume na lipi la mwanamke? Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Bibi aliipuliza kadi wino ukauke, akaifunga kwenye pindo la shuka.

Baada yake foleni ilijaa. Baadhi ya waliokuja walikuwa watu wazima kidogo na matumbo yao hayakuonekana, lakini Sista alishazoea matumbo yanayofichwa, hakutaka kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Tulirudi zahanati tukicheka barabara nzima.

Wiki nne baadaye tulirudi ghalani kwa sindano ya pili. Bibi alikuwa wa kwanza tena, kadi mkononi. Nyuma yake alisimama msichana wa miaka kama ishirini, tumbo limemtangulia, macho ameyainamisha chini.

"Na wewe kadi yako iko wapi?" Sista akamwuliza.

"Hii hapa," bibi akajibu.

"Hiyo ni yako, bibi."

"Ni ya nyumba. Ya kwanza nimepokea mimi, kwa kuwa nyumba ni yangu. Ya pili apokee yeye, kwa kuwa mimba iko kwake. Si umesema mbili?"

Sista alichukua kadi, akaisoma, akanigeukia. "Jina la mama?" Msichana akaitika kwa sauti ndogo kwamba ni lake. "Na huyu mume?"

"Mume ni mimi," bibi akasema. "Hata huyu mtoto wako aliandika mwenyewe."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaegemea mlango. Mimi uso uliniwaka. Ilibidi nielezwe jambo ambalo kila mtoto wa pale alilijua. Bibi yule alikuwa amezaa mabinti tu, nao wote walikuwa wameolewa wakaondoka. Nyumba isiyo na mtoto wa kuirithi inazimika, jina linakufa. Kwa hiyo yeye, kama desturi inavyoruhusu, alitoa ng'ombe akaoa. Ndoa hiyo wanaiita nyumba ntobhu. Mke anachagua mwanamume wa kuzaa naye, lakini watoto ni wa nyumba ya bibi na wanabeba jina la nyumba hiyo.

Mke yule alikuwa ameshamzalia wawili. Wa kwanza alikwenda siku ya saba, wa pili siku ya nane. Bibi mwenyewe ndiye aliyewapokea wote wawili, kwa mikono ileile iliyopokea nusu ya kijiji. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba nyumba ile imeshakataliwa, na kwamba mke arudishwe kwao na ng'ombe wadaiwe. Sasa mimba ya tatu ilikuwa mbele yetu, na haikuwa imechomwa hata tone.

Nayo haikuwa peke yake. Tulipoanza kuuliza vizuri, tukakuta wake wakubwa waliopokea kwa niaba ya wake wadogo, na mama mkwe mmoja aliyekuja bila tumbo lolote.

"Mimba iko wapi, mama?" Sista akamwuliza.

"Imekwenda kuteka maji."

Nilimtazama Sista nikitegemea atanirarua, kwa kuwa kadi niliandika mimi. Aliketi kwenye gunia, akavua kofia yake nyeupe, akaivaa tena. "Kosa ni letu," akasema. "Tuliwaletea kinga kama tunavyowaletea sukari." Akasimama na kuwaeleza upya, polepole, bibi akifasiri kwa Kikurya: sindano hii haipokelewi kwa niaba. Inaingia kwenye damu ya mwenye tumbo, na kutoka hapo kwa mtoto, haina njia nyingine.

Bibi alifasiri mpaka mwisho, kisha akauliza swali lake mwenyewe. "Wangu amebakiza muda?"

Sista alimlaza msichana nyuma ya magunia ya mahindi, akampima. Alisema zimebaki wiki saba, pengine sita. Sindano ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki nne, halafu damu inahitaji kama wiki mbili kujijenga. "Inatosha," akasema, "kama hakuna kitu kitakachochelewa."

Kilichelewa. Wiki ya tatu mafuta ya taa yaliisha katika duka la ushirika, na katika kila duka nililolifikia hadi Nyangoto. Nilipunguza moto, nikaubembeleza, nikachanganya mafuta ya mwisho ya taa za nyumba za walimu. Asubuhi moja nilipiga magoti nikakuta utambi umekauka. Mvua zilikuwa zimeanza na njia imeharibika. Kufikia siku ile ya sindano chupa zilikuwa vuguvugu kwa siku tatu. Nilijaribu kusema labda hazijaharibika sana.

"Siwachomi watu maji," Sista akajibu. "Nenda Tarime."

Nilikwenda. Kupanda milima ile na kasha tupu ni kazi. Kuteremka na kasha lililojaa barafu, kwenye tope, ukijua kila saa inayeyusha kitu, ni kazi ya namna nyingine. Siku ya pili, jua likiwa bado halijafika utosini, nilifika kwenye mto mdogo unaotutenganisha na barabara kuu, nikakuta umejaa. Maji mekundu, yanabeba matawi. Na ng'ambo yake, wamekaa juu ya mawe kama watu waliokuja sokoni mapema, nikawaona bibi, Sista, mke mwenye mimba na wanawake kama wanane wenye kadi, wamekuja kuipokea chanjo njiani.

"Usivuke!" Sista alipiga kelele.

Nilivua viatu, nikalikumbatia kasha kwa mkono mmoja. Niliingia hatua tatu, maji yakanifika kiunoni, baiskeli ikavutwa. Bibi alinyanyuka, akajifunga shuka, akaingia na fimbo yake, akija upande wangu kwa kukata maji kimshazari.

"Rudi nyuma, mura! Wewe ni wa kuandika tu!"

Alinifikia. Hakuhema hata kidogo. Alilichukua kasha kutoka kifuani kwangu, akalitua kichwani, akakaza shingo. "Nimebeba kuni tangu mama yako hajazaliwa. Hili boksi ni kitu gani?" Alivuka nalo bila kulishika kwa mkono, mkono mmoja ukiwa na fimbo, mwingine umenishika mimi shati kama mbuzi. Baiskeli tuliiacha ukingoni, tukairudia jioni maji yalipopungua.

Sista alikuwa ameshawasha moto kati ya mawe na sufuria ilikuwa ikichemka. Nilifungua kasha mbele yao wote. Barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo, lakini vilikuwepo. Alitikisa chupa, akaiinua kwenye mwanga, akatingisha kichwa kukubali. Mke wa bibi alichomwa akiwa ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya majani mabichi. Bibi aliusimamia mkono huo kwa macho mpaka sindano ilipotoka.

"Sasa imeingia kwake?"

"Kwake mwenyewe," Sista akasema.

Mtoto alikuja wiki mbili na siku moja baadaye, mchana, siku ya gulio. Bibi alimwita Sista na Sista akanichukua kubeba mkoba. Mimi nilibaki uani, mahali pa wanaume, lakini ukuta wa udongo hauzuii maneno. Sista alikuwa ameshapatana na bibi mambo mawili: wembe mpya uliochemshwa pamoja na uzi, na kitovu kisipakwe kitu. La kwanza lilikuwa rahisi. La pili lilikuwa ni kumwambia fundi kwamba mama yake na bibi yake walikosea, kwa sababu majivu na samli waliyopaka wao ndiyo aliyorithi.

Nilisikia kilio cha mtoto. Kisha sauti ya Sista: "Kata wewe, bibi. Huyu ni wako."

Nilisikia wembe ukitua kwenye bakuli.

"Nimemaliza. Na sasa?"

"Sasa basi."

"Hivihivi? Mkavu?"

"Mkavu."

"Mikono yangu haijui kukaa bure," bibi akasema, na nilisikia anavyoishika mikono yake, kucha juu ya ngozi. "Nishikishe kitu."

Sista akampa mtoto.

Alikuwa wa kiume. Siku zilizofuata nilikuwa nikipita na baiskeli njia ile kila asubuhi, ingawa sikuwa na shughuli upande huo, na sikuingia. Nyumba ya mzazi haiingiliwi ovyo. Siku ya tano moshi ulitoka kama kawaida. Siku ya saba mlango ulikuwa umefungwa na majirani walinyamaza nilipopita, hata yule aliyenitania kila siku kuhusu suruali yangu. Siku ya nane Sista hakula. Alifagia zahanati mara mbili, akanifokea kwa ajili ya beseni ambalo halikuwa na kosa.

Siku ya tisa, wagonjwa wakiwa wamekaa kwenye benchi, bibi aliingia. Wote walimpisha. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mezani kwa Sista, akaiweka ile kadi mbele yake, ikiwa na alama za maji na jina la bibi mwenyewe kwenye mstari wa mume.

"Ananyonya," akasema. "Ameniuma mpaka kidole."

Sista alisimama, akaketi, akasimama tena. Bibi akageukia benchi ambako wanawake wawili vijana walikuwa wamekaa wamejifunika shuka mpaka shingoni. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine kwa jicho lake la kazi. "Wewe miezi minne. Na wewe mitano, usinidanganye. Toeni mikono." Wakaitoa.

Tangu siku hiyo hatukutafuta mimba tena. Alituletea mwenyewe, kwa miguu, hata kutoka vijiji ambavyo havikuwa vyetu, na habari zikavuka Mto Mara zikafika Kisaka, wakunga wa huko wakaja kumwuliza yeye, si sisi. Aliwafundisha kwa lugha yao, na alianza kila mara kwa kusimulia alivyochomwa sindano ya mimba akiwa na umri wa kuzikwa. Alisimulia ili wacheke, na wakishacheka, wenye matumbo miongoni mwao aliwafunua mabega wachomwe.

Nilikaa pale miaka mitatu na nusu, muda mrefu kuliko mahali pengine popote tangu nitoke kwa wazazi. Kisha miguu ilianza. Niliomba uhamisho wa Kigoma, si kwa sababu ya jambo lolote, ila kwa kuwa nilikuwa sijapaona. Sista alisaini barua bila kuniuliza. "Umewafundisha wawili kukata utambi," alisema. "Nenda. Huwezi kukaa, na mimi siwezi kukufunga kamba."

Siku niliyoondoka nilingoja lori barabarani pamoja na sanduku langu. Bibi alifika, na mtoto akitembea mbele yake, tumbo wazi, mkono umeshika kijiti cha kuchungia ng'ombe asio nao. Bibi hakuniuliza ninakwenda kufanya nini. Aliuliza kama Kigoma kuna wakunga.

"Wapo kila mahali, bibi."

"Basi waambie apokee mwenye tumbo." Akamsukuma mtoto kwangu. "Msalimie huyu. Ndiye aliyeniandika mume."

Nilimbeba. Alikuwa mzito, mzito kweli, na alikuwa na mafua. Aliipangusa pua yake yote kwenye kola ya shati langu la safari, shati pekee nililokuwa nimelipiga pasi, kisha akaanza kupiga kelele ashushwe, kwa sababu lori lilikuwa linakuja na alitaka kulizuia kwa kijiti chake. Nilipanda nyuma juu ya magunia. Abiria mmoja aliniambia nina uchafu shingoni. Nikamwambia najua.